Faili Ulilolifuta Bado Lipo

Fundi simu yeyote wa Bukoba mjini, au wa pale stendi ya Muleba, ameshaletewa mashauri haya matatu. La kwanza ni la video ya harusi: flashi ina nafasi ya GB 32, tupu kabisa, video yenyewe ni GB 6 tu, lakini kompyuta inagoma kuinakili na kudai kwamba faili ni kubwa mno. La pili ni la tarehe: picha za Pasaka ya mwaka huu zikifunguliwa kutoka kwenye memori kadi zinajitambulisha kuwa za 1 Januari 1980, siku ambayo wengi wa waliomo kwenye picha hawakuwa wamezaliwa. La tatu ndilo linalowaliza watu. Mzazi amefuta kwa bahati mbaya picha zote za kipaimara cha mwanawe. Fundi anachomeka kadi kwenye kompyuta, anaendesha programu fulani, na picha zinarudi. Mzazi anashukuru, analipa, anaondoka. Ni wachache wanaobaki kujiuliza swali linalofuata: kama picha zimerudi kwa mwenyewe, si zingeweza kumrudia mtu mwingine pia?

Majibu ya mashauri yote matatu yana chimbuko moja. Yanatokana na maamuzi yaliyofanywa Marekani, mengi kati ya mwaka 1974 na 1981, na watu waliokuwa wakiandika mifumo endeshi ya kompyuta ndogo za kwanza: CP/M na mrithi wake, DOS. Mifumo hiyo leo haimo madukani, lakini kanuni zake zimo ndani ya kadi iliyo kwenye simu yako, na naona ni haki ya kila mwenye simu kuzijua kwa sababu zinagusa siri zake.

Gary Kildall alikuwa mwalimu wa sayansi ya kompyuta katika chuo cha jeshi la majini mjini Monterey, California, na papo hapo akifanya kazi ya ushauri kwa kampuni ya Intel. Intel ilikuwa imetengeneza prosesa iitwayo 8080, kipande kidogo chenye uwezo wa kufanya hesabu. Kildall aliamini kwamba kipande hicho kingeweza kuwa moyo wa kompyuta kamili ya mtu mmoja, ikae mezani kwake. Kilichomkwamisha ni mahali pa kuhifadhia kazi. Mwaka 1974 rafiki yake John Torode alimtengenezea sakiti ya kuunganisha kompyuta na kiendeshi cha flopi, ile diski laini ya upana wa inchi 8, naye Kildall akaandika programu ya kuisimamia. Akaiita CP/M. Kumbukumbu ya kompyuta hizo haikuzidi kilobaiti 64. Picha moja ya simu ya leo isingeenea humo.

Ugunduzi ulio mkubwa zaidi ulikuja miaka michache baadaye. Wakati huo kila kiwanda kiliunda kompyuta kwa namna yake, na programu iliyoandikwa kwa mashine ya kampuni moja haikufanya kazi katika mashine ya kampuni nyingine. Kampuni ya IMSAI ilipotaka CP/M kwa ajili ya mashine zake, Kildall alikuwa amechoka kuandika upya mfumo mzima kwa kila mteja. Akaukata. Mambo yote yanayohusu chuma, yaani kiendeshi hiki kinazungushwaje na kibodi ile inasomwaje, akayaweka peke yake katika kipande kidogo alichokiita BIOS. Sehemu iliyobaki haikuhitaji kujua chochote kuhusu chuma. Programu ikiwa na haja inataja namba tu: 15 ni kufungua faili, 20 ni kusoma, 21 ni kuandika, 19 ni kufuta. Mwenye kiwanda akitaka CP/M ikubali katika mashine yake, anaandika BIOS yake fupi, basi. Kuanzia hapo mtu aliweza kuandika programu moja na kuiuza kwa wenye mashine za kila aina. Biashara nzima ya programu za kompyuta ndogo ilijengwa juu ya mkato huo, na hata leo ukinunua kompyuta ya mtumba ukaiwasha, huenda neno BIOS likawa la kwanza kukutazama.

Aliyeketi mbele ya CP/M aliona alama mbili tu kwenye skrini: A na mshale, A>. Maana yake: niko kwenye kiendeshi A, niagize. Hapakuwa na kipanya wala picha za kubofya. Amri zilizokaa ndani ya mfumo wenyewe zilikuwa sita. DIR ilionyesha orodha ya mafaili. TYPE ilimwaga maandishi ya faili kwenye skrini. REN ilibadili jina, ERA ilifuta, SAVE ilihifadhi kilichomo kwenye kumbukumbu, na USER iligawa diski kwa watumiaji mbalimbali. Amri nyingine zilikaa kwenye flopi kama programu ndogondogo na kuitwa zinapohitajika. Ya kunakili iliitwa PIP, nayo iliwasumbua wageni kwa sababu ilitaka uanze na mahali faili linapokwenda, kisha linapotoka: PIP B:=A:BARUA.TXT. Ukizoea kusema toka A kwenda B, vidole vilikosea.

Majina ya mafaili nayo yalibanwa: herufi nane, nukta, kisha herufi tatu za kueleza aina yake. Fungua sasa hivi memori kadi iliyotoka kwenye kamera na utazame majina ya picha. IMG_0001.JPG. Hesabu: nane, nukta, tatu. Waliopanga kanuni za kamera za kidijitali mwishoni mwa miaka ya 1990 waliufuata mpaka huo kwa makusudi, ili picha isomeke na kila chombo, kipya au cha zamani.

Lakini amri ninayotaka tukae nayo ni ERA.

Kwenye diski ya CP/M kulikuwa na orodha ya mafaili, na kila faili lilikuwa na mstari wake wa baiti 32: jina, aina, na namba za vipande vya diski vilivyobeba maandishi yenyewe. Baiti ya kwanza kabisa ya mstari ilitaja faili ni la mtumiaji namba ngapi, kuanzia 0 hadi 15. Ulipoamuru ERA BARUA.TXT, CP/M haikuigusa barua. Ilikwenda kwenye orodha, ikabadili baiti hiyo moja ikawa E5, namba ambayo haiwezi kuwa ya mtumiaji yeyote, na kazi ikaishia hapo. Mstari wenye E5 ulihesabiwa kuwa wazi. Fikiria daftari la vibanja la kijiji: karani akikata jina la mwenye kibanja, migomba haing'oki. Itaendelea kusimama hadi siku kibanja kitakapopewa mtu mwingine, naye alete jembe na kupanda vyake. Barua iliyofutwa ilikaa kwenye flopi namna hiyohiyo hadi faili jipya lilipoandikwa juu yake.

Kwa nini E5 na si namba nyingine? Kwa sababu flopi mpya za inchi 8 zilizofuata mtindo wa IBM zilitoka kiwandani zikiwa zimejazwa E5 mwanzo hadi mwisho. Hivyo flopi mpya ilipoingizwa, CP/M iliisoma kama diski tupu bila kuandaliwa kwanza. Urahisi wa siku ile ukageuka kanuni.

Na palikuwa na sababu nzuri ya kutofuta kwa kweli. Flopi ilikuwa ikienda polepole, na kupita juu ya kila kipande cha faili kukiandika sifuri kungemweka mtu mezani akisubiri bila faida aliyoiona. Kubadili baiti moja kulimalizika mara moja. Mwandishi wa mfumo alichagua kasi. Hakuna aliyewaza wakati huo kwamba siku moja watu watabeba mfukoni vyeti vyao vya hospitali, picha za watoto wao na mazungumzo yao ya ndani katika vyombo vinavyofuata kanuni hiyohiyo.

Matoleo yalifuatana upesi. CP/M 1.4 ilifuatwa na 2.2 ya mwaka 1979, iliyoenea kuliko zote, kisha toleo la 3 mwaka 1983, lililoongeza kumbukumbu na kuanza kuweka tarehe na saa ya faili. Lakini kufikia 1983 mbio zilikuwa zimekwisha. Kampuni ndogo ya Seattle Computer Products ilikuwa imeunda mashine ya prosesa mpya ya Intel, 8086, ikawa inasubiri CP/M ya prosesa hiyo. CP/M hiyo ikachelewa. Mwaka 1980 kijana wao Tim Paterson aliandika mfumo wake mwenyewe. Alizifuata namba za Kildall ili programu za CP/M zihamishwe kwa urahisi, na namba 19 ikaendelea kuwa ya kufuta. Microsoft iliununua mfumo huo Julai 1981, na tarehe 12 Agosti 1981 IBM ilipotangaza kompyuta yake binafsi, mfumo uliuzwa kwa ajili yake kwa jina la DOS. ERA sasa ikawa ERASE, ikajulikana pia kama DEL, PIP ikawa COPY, na mpangilio wa PIP uliowasumbua watu ukageuzwa: kwanza linapotoka, kisha linapokwenda.

Jambo moja Paterson hakulichukua kwa Kildall. Jinsi ya kupanga mafaili kwenye diski alilitoa katika kazi ya Marc McDonald wa Microsoft ya mwaka 1977, mpango uitwao FAT. Humo kuna jedwali linalosema kipande hiki cha faili kinafuatwa na kipande kile, kama mnyororo. Kwa upande wa kufuta, E5 ilibaki. Safari hii iliandikwa juu ya herufi ya kwanza ya jina la faili, na mnyororo wake ukafutwa kwenye jedwali. Maandishi yenyewe hayakuguswa, kama zamani.

FAT ndiyo iliyomo kwenye flashi yako na kwenye memori kadi za GB 4 hadi 32. Imekua, sasa ni FAT32, lakini mifupa ni ya 1981. Katika mstari wa kila faili, ukubwa umepewa baiti 4. Namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa humo ni 4,294,967,295, yaani GB 4 kasoro baiti moja. Flopi ya kompyuta binafsi ya kwanza ya IBM ilichukua kilobaiti 160. Ili faili lijaze GB 4 zingehitajika flopi zaidi ya 26,000, kwa hiyo baiti 4 zilionekana kuwa nafasi isiyokwisha. Video ya harusi ya GB 6 inakataliwa kwa sababu hakuna mahali pa kuandika ukubwa wake, hata kama flashi nzima ni tupu. Kamera nyingi za video zinalijua hilo na hukata mkanda kimyakimya zikifika GB 4, ndiyo maana mpiga picha hukukabidhi sherehe moja ikiwa vipande vitatu. Dawa ni kuiandaa flashi upya kwa mpango wa exFAT, ukishahamisha vilivyomo.

Na tarehe? DOS ilianza kuhesabu miaka kutoka 1980, mwaka ambao Paterson aliuandika mfumo. Mwaka umepewa nafasi ya namba 0 hadi 127, na sifuri ni 1980. Chombo kilichopoteza saa yake baada ya betri kuisha huanza upya kwenye siku ya kwanza ya hesabu. Picha za Pasaka hazina kosa lolote. Zimepigwa na kamera ambayo kalenda yake imerudi mwanzo.

Toleo la 2 la DOS, Machi 1983, lilileta folda ndani ya folda pamoja na diski ngumu. Matoleo ya 3 na 4 yalipanua ukubwa wa diski. Toleo la 5, Juni 1991, lilileta amri ambayo kwangu ndiyo ushahidi ulio wazi kuliko wote: UNDELETE. Uliiita, nayo ikakuletea orodha ya ulivyovifuta, kila jina likiwa limepotewa na herufi yake ya kwanza: ?ARUA.TXT. Kisha ikakuomba uandike herufi hiyo. Mstari wa faili kwenye orodha ulikumbuka kila kitu isipokuwa herufi ile moja iliyofunikwa na E5. Ulibonyeza B, na barua ikarudi. Programu za mafundi wa leo zinafanya kazi ya ukoo huohuo, ila nyingine haziangalii hata orodha; hupekua kadi nzima zikitafuta mahali panapoanza kama picha inavyoanza.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu historia hii ina upande wake wa Tanzania na wa Kagera.

Mwaka uleule wa 1974, Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Hazina ilikuwa na kompyuta tangu 1965, mashine kubwa ya kampuni ya Kiingereza, aina ya ICT 1500. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mradi wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta ulikwenda vibaya, fedha za kigeni zikatumika, na utegemezi kwa wataalamu wa nje ukawa mzigo. Siwalaumu waliofunga mlango. Mashine waliyoijua wao ilihitaji jengo lake, umeme wake na wageni wake. Kilichozaliwa California mwaka huo kilikuwa kitu kingine kabisa, chombo cha kuwekwa juu ya meza ya ofisi ya mkoa. Mlango ulilegezwa kidogokidogo kuanzia miaka ya 1980.

Kagera ilikuwa na sababu nzito ya kukihitaji chombo hicho. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huu. Hofu ilitangulia, hesabu ikafuata. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na wenzao wa Sweden walipima watu wazima mkoa mzima kwa sampuli ya kaya. Bukoba mjini, asilimia 24.2 walikuwa na virusi. Muleba, asilimia 10. Ngara na Biharamulo haikufika hata nusu ya asilimia moja. Waliporudia, Bukoba mjini ilishuka hadi asilimia 18.3 mwaka 1993 na 13.3 mwaka 1996. Muleba ikafika 6.8 mwaka 1996 na 4.3 mwaka 1999. Aliyezika ndugu zake miaka ile anajua hakuna namba inayoyabeba yale. Hata hivyo, bila namba hizo isingejulikana kwamba mwendo umegeuka, wala umegeukia wapi kwanza.

Kazi kama hizo za afya ndizo zilizotengenezewa programu ya DOS iitwayo Epi Info, iliyotoka mwaka 1985 katika kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani huko Atlanta. Daktari Andrew Dean aliiongoza, na mwanawe Jeffrey, ambaye alipokuwa na miaka 13 alikaa na wazazi wake wakihudumia kambi ya wakimbizi Somalia, aliandika sehemu kubwa ya programu angali kijana. Baba na mwana walikuwa wamejifunzia kazi hiyo nyumbani, kwenye kompyuta ya IMSAI 8080, mashine ya kampuni ileile iliyomfanya Kildall aukate mfumo wake. Epi Info ilikuwa bure, na waandishi wake walihimiza inakiliwe na kutafsiriwa. Ilienea kwa flopi, mkono kwa mkono, kwa amri moja ya kunakili. Daktari wa wilaya aliweza kutengeneza fomu, kuingiza majibu na kupata jedwali bila kumsubiri mtaalamu kutoka mji mkuu.

Kisha ukaja utafiti ambao umeitangaza Kagera katika vyuo vikuu vya dunia. Kati ya 1991 na 1994, Benki ya Dunia na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Muhimbili walizitembelea kaya 915 katika jamii 51 za mkoa, hadi mara nne kila moja, kutaka kujua kifo cha mtu mzima kinaifanya nini kaya: nani anaacha shule, shamba linalimwa na nani, chakula kinapungua kiasi gani. Tafiti za aina hii za Benki ya Dunia zilikuwa na desturi, tangu ile ya Côte d'Ivoire ya 1985, ya kuingiza majibu kwenye kompyuta ndogo karibu na eneo la kazi. Programu ilikagua papo hapo. Ikiandikwa kwamba mama ana miaka 30 na mwanawe 25, kompyuta ilikataa, na mdadisi akarudi kijijini kuuliza upya, wakati kaya bado inakumbuka. Kabla ya kompyuta ya mezani, kosa kama hilo lilionekana miezi mingi baadaye, makao makuu, likiwa halirekebishiki tena.

Thamani kubwa ilionekana miaka kumi baadaye. Mwaka 2004 watafiti wakiongozwa na taasisi ya EDI iliyokuwa na ofisi Bukoba walikwenda kuwatafuta watu walewale, popote walipo. Walianza na orodha za 1991 hadi 1994: majina, umri, nani ni mtoto wa nani. Matoleo ya mifumo yalikuwa yamebadilika mara nyingi, lakini maandishi na namba zilizohifadhiwa herufi kwa herufi kwenye mafaili husomwa na kila mfumo uliofuata. Asilimia 93 ya kaya za mwanzo zilipatikana tena, sasa zikiwa zimegawanyika kuwa kaya zaidi ya 2,700, nyingine Mwanza, nyingine Dar es Salaam, nyingine ng'ambo ya mpaka, Uganda. Mwaka 2010 walirudia, wakibeba kompyuta ndogo mkononi badala ya makaratasi, na kufikia kaya zaidi ya 3,300.

Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walipolinganisha ndugu waliokulia kaya moja, waligundua kwamba waliohama walikuwa wameongeza matumizi yao kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya waliobaki. Ndugu wawili, chakula kimoja utotoni, kaya moja, tofauti yao ikiwa kwamba mmoja aliondoka. Mjadala wa kama kuhama kunamfaa mtu kijana wa kijijini huwa unakwenda kwa hisia. Hapa kulikuwa na kipimo, na kimetoka kwenye migomba ya Kagera. Kisingekuwapo kama orodha za 1991 zingepotea.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo zima. Faili linalodumu lilitupatia elimu hiyo. Faili linalodumu ndilo pia linaloweza kumwumbua mtu. Takwimu za utafiti ule hutolewa kwa umma bila majina ya watu, na ndivyo inavyopasa, kwani orodha ya kijiji yenye majina na habari za maradhi ikiangukia mkono usiofaa huvunja nyumba. Lakini kompyuta kuukuu ya zahanati inayouzwa kwa mnada, flashi ya mwalimu yenye alama za wanafunzi, memori kadi inayobadilishwa dukani kwa kubwa zaidi: nani huzisafisha hizo? Tangu 1 Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, na mtunza kumbukumbu anayesema "nilishafuta" huku amebonyeza kufuta tu, amekata jina kwenye orodha na kuacha kila kitu mahali pake.

Hata FORMAT haikuwa salama kama wengi walivyodhani. Kwenye diski ngumu, FORMAT ya DOS iliandika orodha mpya na kuacha yaliyomo, na toleo la 5 liliongeza amri ya UNFORMAT ya kuirudisha ya zamani. Windows ya leo bado inakuwekea alama ya "Quick Format" tayari kwenye kisanduku, na kazi hiyo ni ileile ya kuandika orodha mpya. Iondoe alama hiyo kabla ya kubonyeza kuanza. Kuanzia Windows Vista, uandaaji kamili huandika sifuri juu ya kadi nzima, ndiyo maana huchukua muda mrefu. Usiukatize. Usipokuwa na kompyuta, futa vyote kisha ijaze kadi kwa vitu visivyo na siri, nyimbo au video za mpira, hadi iseme haina nafasi. Kumbukumbu ya ndani ya simu ina hali tofauti: simu zilizotoka na Android 10 na kuendelea hufungia yaliyomo kwa ufunguo wa siri, na kuirudisha simu kwenye hali ya kiwandani huuharibu ufunguo huo. Memori kadi haimo katika ulinzi huo, basi itoe kabla ya kuuza simu.

Na ikiwa umefuta usichotaka kufuta, usipige picha nyingine hata moja. Usipakue wala kunakili chochote ndani ya kadi hiyo. Itoe kwenye simu, iweke pembeni, na umpelekee fundi ikiwa hivyohivyo. Kila faili jipya linaloandikwa huenda likakaa juu ya lile unalolitafuta, na likishakaa juu yake, hakuna programu ya kulirudisha. Mwombe akuokolee picha hizo kwenye flashi nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile, na kabla hujaondoka mwombe azifute kwenye kompyuta yake pia, kisha ukumbuke umeshajua maana ya kufuta.